Kujipa Alama kwa Haki: Mwanafunzi Anapokuwa Shahidi wa Nafsi Yake

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (Subhanahu wa Ta'ala), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), jamaa zake na Maswahaba wake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu wazazi na wanafunzi: zipo familia zetu za visiwani ambazo watoto wao wanasoma bara, mbali na nyumbani na mbali na chuo walichosomea Qur-aan. Tuchukue mfano wa kijana kutoka Wete anayesoma kidato cha sita Tosamaganga, mkoani Iringa. Huko ni nyanda za juu, na baridi ya Juni na Julai si ya mtu aliyezoea upepo wa pwani. Mahali penyewe panajulikana kwa misheni ya Wakatoliki iliyoanza zama za Wajerumani, na kwa skuli na hospitali yake. Kijana huyu amebeba mizigo miwili: masomo ya skuli, na juzuu alizohifadhi tangu utotoni ambazo mama yake kamuusia asizipoteze.

Alipokuwa nyumbani, kila jioni alikaa mbele ya maalim. Akisoma akakosea, maalim hugonga meza naye hurudi nyuma. Hakuwa na haja ya kujiuliza kama amehifadhi au hakuhifadhi, kwani kulikuwa na sikio la mtu mwengine. Sasa maalim yuko Pemba na yeye yuko peke yake na daftari lake. Nani atamwambia kwamba amekosea?

Jibu ni kwamba atajiambia mwenyewe. Na hapo ndipo penye mtihani ambao hauandikwi kwenye ratiba yoyote: kujipa alama kwa haki. Makala hii inaeleza jambo hilo kwa wanaodurusu kwa kadi, njia ambayo wanafunzi wengi siku hizi wanaitumia, iwe kwa karatasi au kwa programu ya simu.

Kadi za kudurusu na siri ya kupisha siku

Kadi ya kudurusu ni kipande cha karatasi chenye swali upande mmoja na jibu upande wa pili. Mwanafunzi husoma swali, hujaribu kukumbuka, kisha hugeuza kuona jibu. Kinachoifanya njia hii iwe na nguvu ni mambo mawili.

La kwanza ni kujaribu kukumbuka kabla ya kutazama. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi maandishi ya kusoma. Baadhi waliyarudia kuyasoma, wengine walijaribu kuyakumbuka bila ya kuyatazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma ndio waliokuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: waliojilazimisha kukumbuka ndio waliobakiwa na mengi zaidi. La kuzingatia ni kuwa waliosoma na kurudia ndio waliojiamini zaidi kwamba watakumbuka. Hisia zao ziliwaambia "tumehifadhi", na hisia zao hazikuwa sahihi.

La pili ni kupisha siku. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, katika kitabu chake cha mwaka 1885, alionyesha kwa kujipima mwenyewe kuwa usahaulifu huwa wa kasi mwanzoni kisha hupungua kasi, na kwamba kurudia kwa kupisha muda kunashinda kurudia mara nyingi kwa mkupuo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Sebastian Leitner aliligeuza jambo hilo kuwa maboksi. Kadi mpya huingia boksi la kwanza. Ukiipata husogea boksi linalofuata, ambalo hufunguliwa kwa nadra zaidi. Ukiikosa hurudi boksi la kwanza, hata kama ilikuwa imefika la mwisho.

Kwa kijana aliye bweni, ambako simu haziruhusiwi, maboksi haya yanatosha. Karatasi ya manila ikatwe vipande, na bahasha tano ziandikwe namba. Ya kwanza ifunguliwe kila siku, ya pili kila baada ya siku tatu, ya tatu kila wiki, ya nne kila wiki mbili, na ya tano kila mwezi.

Kwa Waislamu jambo la kurudia si geni. Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) ametufundisha, katika Hadiyth iliyopokelewa na Al-Bukhari na Muslim, kuwa Qur-aan huponyoka kwa haraka kuliko ngamia wanavyochopoka kwenye kamba zao, na akatuamrisha tuichunge. Na Jibril ('alayhis salaam) alikuwa akiipitia Qur-aan pamoja naye kila Ramadhani, na mwaka aliofariki waliipitia mara mbili. Akiwa yeye ni Mtume, bado alikuwapo wa kupitia naye. Basi sisi tuna haja kubwa zaidi.

Alama hufanya kazi gani?

Wengi hudhani alama anayojipa mtu baada ya kugeuza kadi ni ya kujifurahisha tu. Sivyo. Alama ndiyo inayoamua kadi hiyo utaiona tena lini.

Angalia hesabu hii. Mwanafunzi ana kadi iliyoko bahasha ya nne. Tarehe 1 Aprili anaisoma, jibu halimjii, anageuza, anaona jibu, anasema "ah, nilikuwa nalijua hili", na anaisogeza bahasha ya tano. Kadi hiyo hataiona tena hadi mwanzoni mwa Mei. Na Mei ndio mwezi wa mtihani wa kidato cha sita. Kwa siku thelathini amejiaminisha kuwa somo lile liko kichwani, na halikuwapo hata siku ile ya kwanza. Laiti angelirudisha bahasha ya kwanza, angeliona kesho yake, na keshokutwa, na mpaka Mei lingekuwa limeshika mizizi.

Programu za simu zinafanya hivyo hivyo kwa hesabu za kompyuta. Piotr Wozniak wa Poland alitengeneza mwaka 1987 kanuni ambayo programu nyingi zimeifuata. Katika kanuni yake mtu hujipa alama kuanzia 0 hadi 5. Tatu na kuendelea ni kupata; chini ya tatu ni kukosa, na kadi huanza upya. Ukipata, kadi hurudi baada ya siku 1, kisha 6, kisha karibu 15, kisha karibu 38, kisha zaidi ya 90. Alama moja ya uongo katikati ya safari hiyo inaweza kuificha kadi miezi mitatu.

Programu ya Anki, iliyotoka mwaka 2006, ina vitufe vinne ambavyo tunaweza kuviita Tena, Ngumu, Vizuri na Rahisi. Hapa pana kosa ambalo wengi hulifanya bila ya kujua. Mtu akisahau huona haya kubonyeza Tena, akabonyeza Ngumu kama njia ya kati. Lakini Ngumu maana yake ni "nimekumbuka, ila kwa taabu". Programu huichukua kuwa umepata, na huendelea kuisogeza mbele kadi usiyoijua. Aliyesahau kitufe chake ni kimoja tu, nacho ni Tena.

Njia ambazo nafsi hutumia kutudanganya

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kadi ni kama kipimo cha hospitali: hakina faida kwa mgonjwa anayebadilisha majibu. Na nafsi ina njia zake za kuyabadilisha.

Njia ya kwanza ni kugeuza haraka. Mwanafunzi husoma swali, na kabla hajajibu, mkono umeshageuza kadi. Akiliona jibu hulitambua, na kulitambua hukudhania ni kulikumbuka. Hivi ni vitu viwili mbalimbali. Unaweza kuutambua uso wa mtu sokoni Darajani na jina lake usilipate. Kwenye mtihani hutaonyeshwa jibu ili ulitambue. Utaachiwa karatasi nyeupe.

Njia ya pili ni "nilikaribia". Tuseme kadi inauliza: mashujaa wa Mtwa Mkwawa waliwashinda Wajerumani huko Lugalo mwaka gani? Kijana wetu anajibu 1894. Anageuza, anakuta 1891. Anajisemea, ni miaka mitatu tu, nipe "vizuri". Lakini 1894 si mwaka wowote tu. Ndio mwaka ambao Wajerumani walirudi na mizinga wakaiteka Kalenga, ngome ya Mkwawa, ambayo iko jirani na hapo hapo Tosamaganga anaposoma. Lugalo, Agosti 1891, Wahehe walishinda na kamanda wa Wajerumani, Emil von Zelewski, aliuawa. Kalenga, Oktoba 1894, Wahehe walishindwa. Aliyedhani amekosea kwa miaka mitatu, kumbe amechanganya ushindi na kushindwa. Kukaribia kwake ndiko kulikoficha kuwa hajui.

Njia ya tatu ni kujihurumia kwa sababu ya uchovu. Saa ya kudurusu usiku inakaribia kwisha, kadi zimebaki arubaini, na kila inayorudi bahasha ya kwanza ni kazi ya kesho. Basi huzipa zote alama nzuri ili alale. Huyu ni bora afanye kadi kumi kwa haki kisha aziache thelathini zimngoje. Kadi iliyocheleweshwa siku moja haina madhara makubwa. Kadi iliyoshuhudiwa uongo ndiyo yenye madhara.

Njia ya nne ni kuikariri kadi badala ya somo. Mwanafunzi huijua kwa doa la wino lililopo pembeni au kwa kuwa hufuata baada ya kadi fulani. Dawa yake ni kuzichanganya kadi kila siku, na kuliandika upya swali kwa maneno mengine.

Mizani iliyo sawa

Mwenyezi Mungu ameteremsha sura nzima, Suratul-Mutwaffifiyn, inayofunguka kwa kuwaonya wenye kupunja vipimo. Hatusemi kuwa mwanafunzi aliyejipa alama ya juu chumbani kwake ni sawa na mfanyabiashara anayepunja kilo. Huyu anakula haki ya mwenziwe. Lakini tabia ya mizani ni moja, na anayezoea kuipindisha kwa nafsi yake hushindwa kuinyoosha kwa wengine. Na pindi akipigiwa simu na maalim wake akasema "juzuu zangu tano ziko sawasawa" hali anajua hazipo, hapo hakuna tena suala la kadi. Huo ni uongo kwa mtu mwengine, na hukumu yake inajulikana.

Mizani tunayoishauri ni hii, nayo iandikwe juu ya bahasha ya kwanza ili isibadilike kwa hali ya moyo:

1. *Sikukumbuka.* Jibu halikuja, au limekuja lisilo sahihi, au nimelipata baada ya kuchungulia. Kadi inarudi bahasha ya kwanza.
2. *Nimekumbuka kwa taabu.* Jibu ni sahihi na kamili, ila nimelitafuta kwa muda mrefu. Kadi inabaki pale ilipo.
3. *Nimekumbuka.* Jibu limekuja ndani ya pumzi chache, sahihi na kamili. Kadi inasogea mbele.
4. *Nimekumbuka papo hapo.* Jibu limetangulia hata kabla ya kumaliza kusoma swali. Kadi inasogea mbele vile vile. Kwenye programu ya simu kitufe hiki huirusha kadi mbali, basi kitumike kwa uchache.

Pamoja na mizani hiyo, kuna adabu tatu. Ya kwanza, jibu litamkwe kwa sauti au liandikwe *kabla* ya kugeuza kadi. Lililotamkwa haliwezi kubadilishwa, ama lililoko moyoni hubadilika likiona jibu sahihi. Ya pili, hesabu hadi kumi. Jibu lisipokuja, umekosa, geuza. Ya tatu, kila kadi iwe na swali moja. Kadi inayotaka hatua nne, nawe ukazitaja tatu, itakutia kwenye ubishi na nafsi yako kila siku. Igawe ziwe kadi nne, na ubishi utakwisha.

Asijidhulumu pia

Wapo walio kinyume: mwanafunzi mchaji anayejiona hajui kitu. Amejibu sahihi, lakini kwa kuwa alisita kidogo anairudisha kadi mwanzo. Anafanya hivyo kwa nia njema, na matokeo yake ni kuwa bahasha ya kwanza inajaa kadi anazozijua, na zile asizozijua kweli hazipati muda. Kusita si kukosa. Jibu sahihi ni sahihi. Uadilifu ni kuipa kila kadi haki yake, bila ya kuzidisha wala kupunguza.

Wala kurudi kwa kadi kusimvunje moyo. Kadi inayorudi bahasha ya kwanza ndiyo iliyomuonyesha penye tundu kabla mvua haijanyesha. Siku ambayo hakuna hata moja iliyorudi, ajiulize: ni kwa sababu ninajua yote, au ni kwa sababu nimelegeza mizani?

Kuhusu hifdhi ya Qur-aan

Je, kadi zinafaa kwa hifdhi? Zinafaa kwa kumkumbusha mwanafunzi zamu ya kila ukurasa. Upande mmoja aandike jina la sura na namba ya aya anayoanzia. Upande wa pili aandike aya inayoishia na ukurasa wa Msahafu. Asome kwa moyo, kisha afungue Msahafu kuhakikisha. Kwa njia hiyo hana haja ya kuandika aya zenyewe kwenye vikaratasi vinavyoweza kudondoka sakafuni au kuishia jaani. Akiandika aya, basi azitunze kwa heshima, asiingie nazo msalani, na zikichakaa asizitupe ovyo.

Hapa alama iwe kali zaidi kuliko ya historia. Aya zinazofanana, ambapo ulimi huhama kutoka sura moja kwenda nyengine bila ya mtu kuhisi, zihesabiwe kuwa ni kukosa hata kama alijisahihisha baada ya mistari miwili. Ukurasa huo urudi bahasha ya kwanza.

Lakini lazima tuseme mpaka wa njia hii. Mtu anaweza kujihukumu kwa lile ambalo jibu lake limeandikwa nyuma ya kadi. Hawezi kujihukumu kwa kosa asilolisikia. Aliyezoea kutamka herufi vibaya atajipa alama kamili miaka kumi. Ndiyo maana Qur-aan imepokewa kutoka kinywa hadi sikio. Kadi humsaidia mwanafunzi asipoteze alichonacho. Hazichukui nafasi ya maalim. Basi likizo ikifika, jambo la mwanzo baada ya kuwaamkia wazee liwe ni kwenda kukaa mbele ya maalim wake na kusomeshwa tena. Na akiwa huko huko bara, atafute Waislamu wenziwe skulini au msikiti wa mjini Iringa, ampate japo mmoja wa kumsikiliza siku ya Ijumaa.

Wazazi wana nafasi gani?

Mzazi anaweza kuijenga au kuivunja mizani ya mtoto kwa swali moja tu. Ukimuuliza "umemaliza kadi ngapi?", utamfundisha kukimbilia idadi. Muulize badala yake: "Wiki hii zipi zimekurudia nyuma?" Akikutajia tatu, usimgombeze. Mtoto anayegombezwa kwa kusema kweli hujifunza kutosema. Mwambie, "Allah akubariki kwa kusema kweli, hizo tatu ndizo za kufanyia kazi."

Na anaporudi nyumbani, mfanyie mtihani mdogo usiohitaji uwe umesoma. Chukua bahasha ya tano, ile ya kadi anazodai amezishika, chomoa kumi bila ya kuchagua. Mdogo wake asome swali, yeye ajibu, na mdogo wake asome jibu. Akipata tisa au kumi, mizani yake iko sawa. Akipata tano au sita, si kwamba ni mjinga. Ni kwamba amekuwa akijipa alama zisizo zake. Zirudishwe bahasha zote nyuma hatua mbili, na aanze upya bila ya lawama.

Khitimisho

Suratul-Qiyaamah imetukumbusha kuwa mwanaadamu anaijua vyema nafsi yake, hata akitoa nyudhuru zake zote. Na Sayyidna 'Umar (Radhiya Allahu 'anhu) alikuwa akiwahimiza watu wajihesabu wenyewe kabla ya kuja kuhesabiwa. Kijana aliyekaa peke yake kwenye baridi ya Iringa, akaigeuza kadi, akaona amekosea, na pasi na mtu yeyote kumuona akairudisha bahasha ya kwanza, amefanya jambo dogo machoni mwa watu. Lakini amejizoesha kusema kweli pale ambapo hakuna anayemuona ila Mola wake. Mtihani wa Mei utapita, na tabia hiyo atabaki nayo.

Tunamuomba Allah (Subhanahu wa Ta'ala) awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa, awahifadhie walichokihifadhi, awaruzuku ukweli wa nafsi, na awarudishe salama kwa wazazi wao. Aamiyn.

Wa Allahu a'lam.